Ng'ombe wa Bibi Kwenye Simu

Leo bibi yangu nusura aniite mwizi wa ng'ombe. 😂

Na ng'ombe wenyewe, jamani, ni wa kwenye simu!

Tangu aumie mguu tumemleta hapa Bariadi mjini, zizi lake limebaki Nkololo. Analiwaza kutwa. Nikamwekea gemu la kufuga kwenye simu yangu. Ana ng'ombe mmoja tu, amemwita Madoa, na kila asubuhi kabla ya chai lazima amwamkie kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma: "Mwangaluka, Madoa."

Mchana kalala, nikaona nimfurahishe. Nikachakachua gemu. Zizi likafurika ng'ombe!

Kaamka. Kavaa miwani. Kachukua simu.

"Hawa ni wa nani?"

"Wako, bibi!"

"Hakuna aliyezaa. Hakuna binti yetu aliyeolewa. Wametoka wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anapitisha kidole kwenye kioo taratibu, anawaangalia mmoja mmoja.

"Madoa yuko wapi?"

Hata mimi sikumwona.

"Zizi limejaa, mjukuu wangu, na mimi sina ng'ombe."

Kicheko kikaniisha.

(Hebu niambieni, kuchakachua gemu ni kosa? Mimi mpaka leo mchana ningebisha. Gemu si gemu tu?)

Nikalirudisha kama lilivyokuwa. Madoa huyo, peke yake, kakonda vilevile. Bibi akaisogeza simu karibu kabisa na uso.

"Mwangaluka, Madoa wangu."

Ilikuwa saa kumi jioni.