Jedwali Lisilo na Saba

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa ya Julai, na Julai ya Ruiru ni baridi na manyunyu, lakini nilifika kituoni shati limelowa jasho. Njiani maaskari walikuwa wamenisimamisha mara mbili kutaka pasibuku. Nyinyi vijana hamkuijua pasibuku, na shukuruni Mungu. Kilikuwa kijitabu ambacho sisi Wakikuyu tulilazimishwa kutembea nacho wakati wa Hali ya Hatari, chenye jina la mwajiri na mhuri wake. Bila mwajiri hukuwa na mhuri, na bila mhuri ulipandishwa lori ukaenda kizuizini; siku ile barua ya ajira ndiyo iliyoniokoa. Mtu akiniuliza kama niliipenda kazi, mimi humjibu kwamba kwanza niliiogopa, mapenzi yakaja baadaye sana.

Kazi yenyewe ilikuwa ukarani katika kituo kidogo cha utafiti wa kahawa, kati ya Ruiru na Thika, ambacho sitakitaja jina. Nilipokewa na Karani Mkuu, Mgoa mwenye miwani minene na mikono misafi kama ya daktari. Aliniketisha mbele ya mashine ya kuchapa, akaniambia, "Kijana, hapa hatuchapi barua. Hapa tunaomba pesa. Ukikosea herufi moja, watu wa London watafikiri tumekosea na kahawa."

Mjukuu wangu anafundisha chuo kikuu na anaishi mtaa wa Kahawa Sukari. Yeye huomba fedha za utafiti kwa kubonyeza kitufe, kisha analalamika kwamba mtandao ni pole pole. Sisi tulisubiri meli. Matangazo ya fedha yalikuja kwenye majarida ya wataalamu, yakiwa yamekaa baharini wiki nyingi, na Karani Mkuu aliyasoma yote, akayakata kwa mkasi na kuyapanga kwenye faili. Alihesabu siku kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho: siku za posta, siku za kupata mhuri wa chuo kikuu, siku za kuchapa. Mara nyingi tangazo lilipotufikia lilikuwa limeshakufa. Likiwa hai, sote tulikimbia.

Ombi lilikuwa na sehemu zake. Kwanza lengo, yaani unatafuta kujua nini. Kisha njia, yaani utalijuaje. Kisha bajeti, na mwisho majedwali, kurasa za tarakimu zilizoonyesha kwamba umeshaanza kazi na si mpiga domo tu. Tulichapa nakala tano kwa karatasi za kaboni, na kaboni haisamehe. Ukifuta nakala ya juu, zile za chini zinabaki na doa, kwa hiyo ukurasa wote unarudiwa.

Fedha zote zilimhusu mtu mmoja tuliyemwita Dokta. Alikuwa kijana wa Kiingereza, mpole, aliyeletwa na chuo kikuu chake kutafiti ugonjwa unaoozesha buni zingali mbichi mtini. Mfuko wa London ulimlipia miaka mitatu, na baada ya hapo ilibidi aombe upya. Asipopewa, idara yake inafungwa. Yeye angerudi kwao kufundisha, lakini mimi na wanawake watano waliohesabu buni shambani tungepoteza mhuri kwenye pasibuku siku hiyo hiyo. Hilo nililiwaza kila nilipoweka karatasi kwenye mashine.

Asubuhi nilikuwa shambani na daftari, mchana ofisini. Wale wanawake walipita mti kwa mti, kila mmoja akishika tawi lililofungwa uzi mwekundu, akihesabu buni zilizooza na kunitajia idadi nami nikiandika. Kiongozi wao aliitwa Wangari, mama wa makamo, mwepesi wa mkono na wa mzaha. "Karani," alikuwa akiniambia, "mkono wako ni laini hivi, ukioa utapikiwa na nani, au wewe ndiye utapika?" Nami nilimwita maitu, mama, kama ilivyopasa. Nyuma yetu daima alisimama homgadi na bunduki yake, Mkikuyu mwenzetu aliyeajiriwa na serikali kutusikiliza.

Wangari na wenzake walihesabu vizuri, ila hawakutamka saba. Wakifika hapo walisema sita, au walisema nane, wakaenda mti mwingine. Sikushangaa. Mama yangu mzazi hakuwahi kuhesabu mbuzi saba, maana kwa wazee wetu hiyo ni namba ya msiba. Tena ilikuwa imeongezeka sababu nyingine. Miezi michache kabla ya kuajiriwa nilipelekwa kula kiapo cha wapigania ardhi. Sitaeleza yaliyofanyika, ila kila jambo lilifanywa mara saba, na serikali ilikuwa imeshalijua hilo. Nani angeitamka namba hiyo kwa sauti mbele ya homgadi? Na aliyesimama mlangoni siku ile ya kiapo, akitupokea mmoja mmoja, alikuwa Wangari. Hatukuwahi kulizungumza. Nikaandika sita na nane kwa miaka mitatu, na haikunijia hata mara moja kwamba tunaharibu utafiti wa mtu.

Ombi jipya likaenda London likiwa na mhuri wa chuo. Jibu lililorudi lilisema kwamba kabla ya kuamua, Profesa mmoja wa kamati ya mfuko, aliyekuwa na safari ya Afrika Mashariki, angepita kutukagua.

Profesa alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi. Hakutaka chai. Aliketi na majedwali yangu, akawa anaweka alama ya penseli chini ya kila tarakimu ya mwisho, ukurasa baada ya ukurasa, sisi tumesimama. Mkuu wa Kituo alikuwapo pia. Huyo alikuwa mtu mkubwa mwenye shingo nyekundu, ambaye siku za mapumziko alivaa sare ya polisi wa akiba kule Thika. Mwishowe Profesa akaweka penseli chini.

"Hakuna saba," akasema. "Sita zimezidi, nane zimezidi, na saba hakuna hata moja. Miti haizai hivi. Tarakimu hizi zimetungwa na mtu aliyekaa kwenye kiti."

Dokta akanigeukia, uso umemwiva. "Karani, nani aliandika?"

"Mimi, bwana."

"Ulizitunga?"

"Hapana, bwana. Niliandika nilivyotajiwa."

Mkuu wa Kituo akanijia karibu na Kiswahili chake cha kizungu. "Wewe naficha nini?"

Niliogopa, sioni haya kusema. Nikinyamaza, mimi ni mwongo wa tarakimu, idara inafungwa na lori linatungoja. Nikieleza saba ni nini, nitaulizwa nimeijulia wapi. Profesa ndiye aliyenikatia shauri. Alisema twende shambani, awaone wakihesabu.

Alitafuta tawi yeye mwenyewe. Aliligeuza, akahesabu kwa midomo, akamwita Wangari na kuniambia nitafsiri: ahesabu kwa sauti. Nikamwambia kwa Kikuyu, "Maitu, wanataka uhesabu wasikie." Aliniangalia, kisha akalishika tawi.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita."

Akaishia hapo. Ilibaki buni moja, nyeusi, imekauka kwenye kikonyo. Homgadi alihamisha bunduki kutoka bega moja hadi jingine. Wangari aliweka kidole juu ya ile buni, kisha akaichuma haraka na kuitia kwenye mfuko wa aproni.

"Ni sita," akasema.

Profesa aliangua kicheko mpaka kikohozi kikamshika. Alikuwa amefurahi kweli, kwa kuwa alikuja kukamata uwongo akakuta jambo la kuvutia. Mkuu wa Kituo hakucheka.

"Karani. Kwa nini huyu mama naogopa saba?"

"Ni desturi ya wazee, bwana. Wanaamini inaleta msiba."

"Na wewe?"

"Mimi hapana, bwana. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Sema, basi. Kwa Kikuyu."

"Mũgwanja," nikasema.

Lilitoka bila kukwama, na nilijichukia hapo hapo. Wangari alikuwa akitazama chini.

Mchana ule Profesa alitoa ushauri. Tarakimu zingeweza kurekebishwa, ombi lipite, mradi tu tuongeze maelezo kwenye sehemu ya njia: kwamba wahesabu huiruka saba kwa sababu ya desturi, wahesabu wenyewe ni akina nani, na kwamba karani hana desturi hiyo. Dokta aliniandikia rasimu kwa penseli, akaacha nafasi ya majina.

Karani Mkuu aliisoma juu ya bega langu. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kijana," akasema kwa sauti ya chini, "andika 'wanawake watano wa zamu ya asubuhi.' London hawamjui Wangari. Majina ni ya nini?"

"Dokta ameacha nafasi, bwana."

"Nafasi inaweza kuzibwa. Nakala ya tano inakwenda kwa Mkuu wa Kituo. Fikiri."

Nilifikiri. Nilifikiri Mkuu akinikuta nimeficha majina ataniuliza kwa nini, na mara hii si shambani bali Thika, kwenye chumba cha mahojiano. Nikachapa majina matano, la Wangari juu. Nikachapa pia kwamba karani hana desturi hiyo. Sikukosea hata herufi moja.

Lori lilikuja Jumatatu. Ofisa alisoma majina kwenye karatasi, na nilipokuwa nimesimama karibu yake niliitambua ile karatasi, kwa sababu herufi e ya mashine yangu iliruka juu ya mstari. Thika walipitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye akitikisa kichwa umekwisha. Wanne walirudi baada ya siku tatu. Kwa Wangari yule wa gunia alitikisa kichwa. Kila gari liliposimama langoni nilijua wamenifuata, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa na jina langu mdomoni na walikuwa na njia zao za kulitoa. Nilikonda hata Dokta akaniuliza kama nina malaria. Siku zikapita, miezi ikapita, hawakuja.

Fedha zilikuja. Idara ilikaa miaka mitatu mingine, kisha mingine tena. Mimi nilipandishwa cheo, nikahamishiwa ofisi ya Thika chini ya Ofisa Kilimo aliyependa kupiga meza, na baada ya uhuru nikachukuliwa na chuo kikuu Nairobi kuwa Karani Mkuu wa maombi ya utafiti. Nilifundisha vijana wengi kuchapa majedwali. Siku ya kustaafu, mkuu wa idara alinisifu kwamba katika maisha yangu yote ya kazi hakuna ombi langu lililorudishwa kwa kosa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitamani kukimbia.

Wangari alikuwa amerudi zamani, baada ya miaka miwili kizuizini. Nilijua anaishi Witeithie, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikipita pale nikitazama upande wa pili wa barabara. Nilipostaafu sikuwa tena na kisingizio cha kazi. Nilimkuta amekaa nje akichambua maharagwe, mzee sana, mkono wake bado mwepesi.

"Karani," akasema. "Umezeeka vibaya."

Nikamwambia nilichokuja kusema. Kwamba ni mimi niliyechapa jina lake, na kwamba niliambiwa nisilichape.

"Najua," akasema. "Walinionyesha karatasi. Waliniuliza majina kila siku, miaka miwili. Wewe jina lako ulilitia wapi?"

Nilisema sikulitia popote. Akaendelea kuchambua maharagwe, na mimi, mzee mwenye wajukuu, niliogopa kumwuliza kama amenisamehe. Alifariki kabla sijarudi.

Kwa hiyo nalitia hapa, mahali pake palipoachwa wazi. Wahesabu walikuwa watano, na karani wao, Stefano Gathogo, alikula kiapo, mlangoni akiwa Wangari, na aliiogopa saba kuliko wote.