Beringi ya Gari la Shangazi

Kwa mwezi mzima nilitembea na beringi mbovu kwenye mkoba, nimeiviringisha kwenye gazeti, grisi ikipenya hadi kwenye madaftari ya wanafunzi wangu. Ndivyo tunavyotafuta spea za magari ya zamani huku Kibaha: unabeba kilichokufa, muuzaji anakiona, ndipo mnazungumza.

Gari lenyewe ni pikapu la baba, kuukuu kuliko mimi. Alilinunua ujanani, na fedha zilizopungua aliongezewa na dada yake, shangazi yangu wa Kibuta kule Kisarawe, baada ya kuuza korosho zake. Ndiyo maana wote wawili waliliita gari letu. Baba alipopata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala na maneno yakakatika. Gari nalo likalala uani, beringi ya tairi la mbele imesagika.

Kisha shangazi akaugua, na mwenyewe alijua haponi. Akanipigia simu.

"Mwambie mdogo wangu aje anione. Aje na gari letu, nikae mbele, pale dirishani, hata kidogo."

"Shangazi, nikodi teksi tuje kesho?"

"Teksi ya nini, mwanangu? Nimesema gari letu."

Nilipomweleza baba, aliitikia kwa kichwa. Nilipotaja teksi, akageukia ukutani. Ukaidi wao ulinichosha, na bahati mbaya nimeurithi wote.

Nikaanza kuzunguka: Misugusugu, Maili Moja, Mlandizi. Kila duka nilitaja jina la gari, na kila duka wakanicheka.

"Mama, hilo bado linatembea? Kawaulize wakoloni!"

Mmoja alikubali kuniagizia kutoka nje, akataja bei ambayo mshahara wangu wa ualimu ungeilipa hadi nistaafu. Nikamsonya, nikatoka.

Jioni nikirudi, baba alinyoosha mkono wake mzima kuitaka ile beringi. Aliiweka mapajani, akaisugua ukingoni kwa kidole gumba, mahali palepale, kisha akanitazama. Akasugua tena. Nilidhani analilia gari lake. Shuka zikajaa grisi. Siku moja nilirudi nimechoka, nikamnyang'anya.

"Baba, na mimi ni mtu! Nani anazifua shuka hizi?"

Aliiachia. Hakuitaka tena.

Wiki ya nne shangazi akafariki, na tukaenda Kibuta kwa teksi.

Baada ya maziko, jirani mmoja mwenye mashine ya kusaga alikuja kumpa baba pole pale mkekani. Akauliza gari liko wapi, maana shangazi alilisubiri hadi mwisho. Nikamweleza, huku nikitoa beringi mkobani kama mtu anayejitetea.

"Namba yake ngapi?" akauliza.

"Namba gani?"

Akaipangusa kwa kipande cha gunia, kisha akaisugua ukingoni kwa kidole gumba. Mahali palepale. Chini ya grisi tarakimu zikatokea, ndogo, zimechorwa kwenye chuma.

"Usitaje gari, mwalimu. Taja namba. Hii hata trela la trekta linavaa. Maduka yote wanayo, tena bei chee."

Nilimtazama baba. Alikuwa ananitazama mimi, kwa macho yaleyale ya zile jioni. Nililia kwa sauti kuliko nilivyolia makaburini, na wanawake wakanishika wakidhani nimemkumbuka shangazi. Nikamwambia baba anisamehe. Akaniwekea mkono kichwani, ila sijui kama hilo ndilo lilikuwa jibu.

Beringi niliinunua Misugusugu, kwenye duka la kwanza kabisa nililokuwa nimeingia. Nilitaja namba tu, muuzaji akaitoa kwenye rafu iliyokuwa nyuma ya kichwa chake.

Gari linatembea sasa. Kiti chake ni kimoja, kirefu, cha watu watatu. Nikimpandisha baba, hujivuta hadi katikati, akanibana mpaka nashindwa kuzungusha usukani vizuri. Namwambia asogee dirishani, kuna nafasi. Hasogei.