Nyigu Aliyeangalia Nyuma

Mke wangu ana ulimi mkali na mkono mtulivu, na tangu tuoane nimekuwa nikiomba vibadilishane sifa. Kambini walimwita Mama Nyigu. Mimi nilikuwa mpishi wa kambi hiyo ya jeshi la anga, na yeye alikuwa mchoraji wa alama kwenye banda la ndege: namba za ubavuni, bendera za mkiani, maonyo ya kutokanyaga juu ya mabawa. Nilimpata kwenye foleni ya chakula, akinigombeza mbele za watu kwamba mchuzi wangu ni maji matupu. Ulikuwa maji matupu kweli.

Tulipostaafu nilidhani tutapumzika. Wapi. Akaanza kutengeneza stika za ndege ndogo. Kuna watu wazima na akili zao ambao kazi yao ni kuunganisha ndege za kivita za plastiki, zinazotosha kukaa juu ya sinia, na ndege hizo bila alama zake huwa plastiki tu. Alama ni stika za maji. Zinachapwa kwenye karatasi yenye gundi, unazilowesha, utando mwembamba unateleza kutoka kwenye karatasi, nawe unausukuma taratibu kwa brashi mpaka ukae ubavuni pa ndege. Yeye huzichapa mwenyewe kwa fremu ya hariri, nyeupe kwanza, kisha rangi nyingine juu yake, maana njano isiyo na nyeupe chini humezwa na rangi ya ndege. Haya nayajua kwa sababu yote yanafanyika kwenye meza yangu ya jikoni, na bakuli langu la supu ndilo la kuloweshea.

Siku moja nilimuuliza anajitesa kwa ajili ya nini.

"Wewe ulipika, watu wakala, wakashiba, wakasahau," alinijibu. "Chakula ndivyo kilivyo. Mimi nilichora ili kazi yangu ikae."

Haikukaa. Ndege zile zilipakwa rangi upya, kisha zikauzwa kama chuma chakavu, na kazi yote ya ujana wake ikaingia kwenye tanuri. Nikamtania kwamba huenda sufuria yetu ina namba zake. Hakucheka, nami nikaona nimegusa pabaya.

Ndipo kambi ikatangaza kwamba inafungua chumba cha kumbukumbu. Humo kutakuwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati ndege ndogo moja tu, nakala ya ile iliyopendwa kuliko zote: ndege yenye nyigu wa njano chini ya dirisha la rubani. Waunganishaji wa ndege wote walialikwa kushindana ukumbini, na itakayoshinda itakaa kabatini moja kwa moja. Nyigu yule alichorwa na mke wangu. Alisoma tangazo lile amesimama, akakaa, akalisoma tena. Nilimjua: hii ndiyo nafasi pekee iliyobaki ya kitu chake kuwepo mahali.

Tatizo lilikuwa nyigu mwenyewe. Nyigu alichorwa pande mbili za ndege, na kila upande kichwa chake kilipaswa kuelekea kwenye pua ya ndege. Kiolezo, karatasi iliyokatwa umbo la nyigu, kilikuwa kimoja. Ukimaliza kushoto, unakigeuza ndipo unakwenda kulia. Jioni aliyomchora, kesho yake kukiwa na gwaride, mke wangu aliharakishwa na Sajini wake, akasahau kukigeuza. Aliposhuka ngazi akaona nyigu wa kulia anatazama mkia, kama aliyesahau kitu nyumbani. Sajini akawaka, akaagiza afutwe. Rubani wa ndege ile akapita, akatazama, akasema asiguswe na mtu. Hakueleza kwa nini. Ndege ikaruka hivyo miaka yake yote. Picha zote zilipigwa kushoto, upande wa kupandia, na Sajini alishafariki. Hakuna tena aliyemkumbuka nyigu wa kulia, ila mchoraji wake na pengine rubani, kama bado alikuwa na kumbukumbu zake.

"Mgeuze," nilimwambia mke wangu alipoanza kuchapa. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Waamuzi watakukata alama."

"Wakate."

"Utakosa kabati, mke wangu. Kwa kosa la ujana."

Akaweka brashi chini. "Nikimgeuza, kitakachokaa humo si kazi yangu. Ni kazi niliyotamani ningeifanya. Sasa niletee siki, mzee, na usinipigie kelele."

Siki iliyotiwa maji hulainisha stika mpaka ikalala juu ya kila ribiti na kila mfereji wa plastiki, usijue ni stika au ni rangi. Lakini kabla ya kulala hujikunja. Nyigu yule, mdogo kama punje ya maharage, alijikunyata kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ilikuwa karatasi yake ya mwisho. Mimi nikanyoosha kidole nimsaidie mke wangu kumnyoosha.

"Ukigusa, nakuacha," alisema.

Akakalia mikono yake. Mwanamke asiyeweza kusubiri maji yachemke alikaa tuli kwenye kiti changu, akiitukana siki, akiitukana plastiki, akanitukana na mimi kidogo, lakini hakugusa. Watu wengi huharibu hapo hapo, kwa kushindwa kuacha mikono yao. Taratibu mikunjo ikaanza kufunguka, ukingo ukazama, na nyigu akalala bapa, akiangalia mkia. Machozi yalinilenga, na mimi si mtu wa kulialia.

Ukumbini mpinzani wake mkubwa alikuwa meneja mstaafu wa benki tunayemwita Benki, mtu mpole mwenye mkono wa dhahabu. Ndege yake ilikuwa safi kabisa, na nyigu wake wote wawili walitazama mbele, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angewaweka. Mwamuzi mkuu, mama mmoja aliyevaa miwani ya kamba, aliinama muda mrefu juu ya ndege yetu.

"Dada, nimepitisha kucha nikakosa ukingo wa stika," alisema. "Sijawahi kuona. Ila huyu wa kulia amegeuka. Inabidi nikate."

"Ndivyo alivyokuwa."

"Una picha?"

"Sina."

Mama yule akaandika kwa huzuni. Nilimshika mke wangu mkono.

Basi akaingia mgeni rasmi, aliyekuja kukabidhi ufunguo wa kabati. Alikuwa yule Rubani, mzee sasa, mwenye fimbo. Akaizunguka ndege ya Benki, akatazama upande wa kulia, akampigapiga begani. "Nzuri sana, ndugu yangu. Lakini si yangu." Akafika kwetu. Hakutazama kushoto kabisa. Alizunguka kulia moja kwa moja, akavaa miwani, akacheka mpaka fimbo ikatetemeka.

"Nani kamweka hivi?"

"Mimi, afande. Kama nilivyomweka mwanzo."

"Mama Nyigu."

"Afande, miaka yote hii nilijua ulinionea huruma."

"Huruma?" Rubani alishangaa kweli. "Mimi nikiwa juu macho yangu yako mbele. Huyu ndiye aliyekuwa ananiangalizia nyuma. Kabla ya kupanda nilizunguka kwanza upande huu wa kulia, nikamgusa, ndipo nikapanda, na kila mara nilirudi. Ningemruhusu nani amgeuze?"

Mke wangu alijifunika uso. Mwamuzi akafuta alichoandika. Aliyeanza kupiga makofi ni Benki, na ukumbi mzima ukafuata, mimi nikiwa nimepanda juu ya kiti kwa umri huu.

Kabati liko ukutani, kwa hiyo ndege huonekana upande mmoja tu. Mhudumu aliiweka kushoto kukiwa mbele, kama kwenye picha. "Geuza," mke wangu alimwambia, naye akageuza.

Huwa tunakwenda kuitazama. Kila mara hutokea mgeni anayekaribia kioo, akakunja uso, akamgeukia mke wangu na kumwambia kwamba aliyechora huyu nyigu amekosea. Sijawahi kumwona mtu akiambiwa amekosea na kufurahi namna ile.