Ulanga Niliouita Mwamba

Naikumbuka siku niliyomdanganya mjomba Kibwana kuliko hata siku niliyooa, mwanangu, na mama yako anisamehe. Mimi na mdogo wangu Shabani tulikuwa tunachimba rubi milimani, mbele ya Mkuyuni. Mama yetu alitukabidhi kwa mjomba, kaka yake, kama ilivyo desturi yetu Waluguru, na kwenye duara, yaani shimo letu la kuchimbia, neno lake ndilo lilikuwa la mwisho.

Mjomba hakuwahi kukaa darasani, lakini wallahi sijamwona tena mtu aliyeyajua mawe kama yeye. Alilipima jiwe kiganjani, akakwambia hii rubi, hii garneti, kabla hujaliosha. Nilimwonea fahari, na wivu kidogo.

Alikuwa na utaratibu wake. Aliye shimoni anataja kwa sauti kila anachokutana nacho: udongo, marumaru, mwamba. Mjomba, akiwa juu na kamba ya ndoo, analirudia neno hilo, ndipo unaendelea. Ukitaja ulanga, yale magamba ya jiwe yanayometameta na kubanduka kama maganda ya kitunguu, kazi inasimama mpaka yawekwe matimba, miti ya kuzuia ukuta usiporomoke. Kuikata miti hiyo ni kazi ya nusu siku.

Asubuhi hiyo nilikuwa napanua ukuta, Shabani amechuchumaa chini yangu. Alikuwa ameshaanza kuiona marumaru nyeupe, na rubi za kule hukaa humo. Mara sururu yangu ikafunua ulanga, ukuta mzima. Nikasema moyoni, nusu siku yote ya nini, na mali ile pale?

"Umekuta nini?" mjomba akauliza.

"Mwamba."

"Mwamba," akarudia, akavuta ndoo yangu. Nikamwona akichota kifusi, akakisugua vidoleni, kisha akavielekeza vidole juani. Vilimetameta.

"Shabani, panda. Na wewe panda. Acheni vifaa."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Tulikuwa hatujamaliza kujipangusa vumbi, ukuta ukashuka wote na kufukia pale alipokuwa amechuchumaa mdogo wangu. Nikakaa chini nikalia.

"Nilikuwa nimeshakuamini," mjomba akasema. "Nisingeitazama ile ndoo, ningemwambia nini mama yako?"

Alinipa panga, tukaenda kukata miti, na njia nzima alinifundisha miti inayofaa kwa matimba, kana kwamba bado nastahili kufundishwa.

Sasa Jumatatu unaanza kazi mgodini, mwanangu, na umesoma majina ya mawe mengi kuliko mjomba. Nakupongeza kwa dhati. Ila usiyageuze kuwa maringo. Kuna mtu anaamua kwa kusikia neno lako, na kuna mwingine uhai wake umebebwa na neno hilo hilo. Ukiona ulanga sema ulanga, hata bosi akinuna. Usilolijua, sema silijui, hakuna aibu. Huyo baba yako mdogo Shabani unayempa shikamoo kila Idi pale Mafiga, yupo kwa sababu mzee mmoja alilipima neno langu asiridhike nalo.

Haya, nenda. Mwenyezi Mungu akupe macho makini na ulimi mkweli, na kila zamu ikiisha akutoe shimoni mzima, wewe na wote mlioingia pamoja.