L ni ya Lubero

Tajiri wangu wa Kimemi, mjini Butembo, aliuza mabati, na gari yake ya kwanza aliitunza kama bati jipya: kitu cha kung'aa, kisichotakiwa kukwaruzwa. Ilikuwa imetumika Japani miaka mingi, lakini viti vyake alivivalisha nailoni upya kwa mkono wake mwenyewe. Mikanda ya usalama ya nyuma ikabaki imezikwa chini ya hiyo nailoni ili isichafuke. Mkanda wake yeye aliuvaa tukikaribia polisi wa barabarani, na hata hapo hakuufunga. Aliulaza begani tu, kimshazari, kama stola ya shemasi. Polisi alitazama, akaridhika, tukapita.

Mimi nilikuwa jicho lake la kushoto. Gari ilitoka nchi ambako usukani uko kulia, na huku kwetu tunapita kulia vilevile, kwa hiyo dereva aliye nyuma ya lori haoni kinachokuja hata akinyoosha shingo kama bata. Lazima mtu akae kushoto, achungulie, aseme. Tajiri aliniita Retro, kwa kifupi cha rétroviseur, kile kioo cha kutazamia nyuma, ingawa kazi yangu yote ilikuwa kutazama mbele.

"Retro, iko?"

"Iko lori, patron."

"Na sasa?"

"Sasa ingia."

Naye aliingia bila kuona chochote. Sijawahi kuaminiwa vile na mtu yeyote, hata na mama yangu.

Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimepasua mbao Mbau, nimebeba magunia ya kakao, nimeosha pikipiki Vulamba. Gari hii niliiosha mara moja tu. Kila kifungo kilichokuwa karibu na kitambaa changu nilikibonyeza nione kinafanya nini, na tajiri aliporudi alikuta vipanguzi vya kioo vinacheza kwenye jua kali, kiti chake kimelala chali, na redio inasema Kijapani. Nilingoja kofi. Badala yake aliniuliza kwa sauti ya chini kama katika pita pita yangu nilikiona cha kufungia dirisha. Alikuwa akiendesha dirisha likiwa wazi tangu alipoinunua, mvua na vumbi. Nikamwonyesha. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Mwalimu wetu sote wawili alikuwa fundi mmoja wa Vulamba, mtu asiyekosa jibu. Kwenye mkono wa gia kulikuwa na herufi, naye alizisoma kama katekista. "P ni Pumzika. R ni Rudi. N ni Ngoja. D ni Départ, kuondoka." Chini ya D kulikuwa na 2. "Ile deux ni ya batu babili. Mukiwa mingi, hapana tia pale."

"Na L?" nikauliza.

Fundi alifuta mikono kwenye suruali, akafikiri kidogo. "L ni ya Lubero."

"Lubero?"

"Njia ya Lubero iko na milima mingi. Bajapani banajua."

"Bajapani batajua Lubero namna gani?"

"Weye ulisha fika Japani?"

Nilikuwa sijafika. L ikabaki ya Lubero, na kwa kuwa tajiri hakuwa na wateja wa mabati upande huo, haikuguswa kamwe.

Kulikuwa pia na taa ndogo nyekundu mbele ya dereva, duara lenye alama ya mshangao ndani yake. Ilikuwa ikiwaka tukishuka mlima na kuzimika tukifika tambarare. Katika droo ya gari nilipata kitabu cha Kijapani, na kwa kuwa sijui Kijapani nilikisoma kwa picha. Karibu na lile duara kulikuwa na picha ya breki ya mkono, na pembeni picha ya chupa ndogo. Nikampelekea fundi.

"Ni frein à main tu," alisema. Akaivuta, taa ikawaka. Akaishusha, taa ikazimika. "Unaona?"

"Lakini inawaka tukishuka, na frein à main iko chini."

"Basi inashangaa. Gari imetoka ku lami. Inaona barabara yetu, inashangaa. Itazoea."

"Na hii chupa?"

"Chupa ni ya dereva," alisema, na watu wote gerejini wakacheka. Nilitaka kufungua boneti niitafute hiyo chupa, lakini tajiri alinizuia. Alisema kila nikigusa kitu, kinazaa kingine.

Aliyemaliza mjadala huo ni mama yake tajiri. Sisi tulimwita Mukaka, yaani bibi, na alikuwa mtu wa parokia kuliko padri. Siku ya kubariki gari, tukiteremka kwenda parokiani, aliona ile taa ikiwaka mbele ya mwanawe, akasema ni jicho baya. Padri alipomaliza kunyunyiza maji, yeye akatoa mkobani kibandiko cha Bikira Maria, akakilamba nyuma kwa imani ingawa kilikuwa na gundi yake, akakibandika juu ya lile jicho, pu.

Kibandiko kilikuwa chepesi. Jumapili iliyofuata, tukiteremka kutoka kanisani, Bikira aliwaka mwekundu kuanzia kifuani hadi usoni.

"Anawaka!" Mukaka akapiga kelele kutoka nyuma. "Mutoto yangu, simamisha! Bikira anawaka!"

Kuanzia siku hiyo alishuka kila mlima wa Butembo akiwa na rozari mkononi, na kila mara Bikira hakumwangusha. Wamama wa kwaya walikuja kuona. Lakini gari ilikuwa imeegeshwa uwanjani, mahali tambarare, na Bikira alibaki baridi kama karatasi. Walingoja, wakaimba, wakangoja tena. Mwishowe walikubaliana kwamba kuna mmoja wao mwenye dhambi, wakaondoka wakitazamana.

Kisha ikaja harusi ya Beni. Bibi-arusi alikuwa mjukuu wa Mukaka, mtoto aliyemlea mgongoni tangu mama yake alipofariki, na binti huyo alikuwa amesema wazi kwamba hatatoka nyumbani kwenda kanisani kabla Mukaka hajamwekea mkono kichwani. Kwa hiyo mzigo wetu asubuhi hiyo haukuwa mabati. Ulikuwa mkono mmoja wa kizee, na kazi yetu ilikuwa kuufikisha.

Tajiri alivaa suti. Kabla hata hatujatoka Kimemi alibonyeza kile kifungo chenye pembetatu nyekundu, taa zote nne zikaanza kupepesa, akaegemeza kiganja kwenye honi.

Lazima niseme neno kuhusu hicho kifungo. Kwetu kina maana nyingi. Taa nne ni harusi. Taa nne ni maiti inapelekwa kaburini. Taa nne ni mkubwa mwenye haraka, au mtu anayekwenda moja kwa moja kwenye mzunguko wa barabara, au mtu aliyesimama katikati ya njia kumsalimia shemeji. Kitabu cha Kijapani kilikuwa na picha ya gari iliyoharibika kando ya barabara, taa nne zinawaka, mtu amesimama mbali nayo, na huzuni yake. Nilimwonyesha tajiri. Alisema pengine huyo amechelewa harusi.

Njiani ilikuwa raha tupu. Kwenye kizuizi, askari mmoja aliyetoka mbali, mwenye Kilingala chake, aliona taa zetu akatabasamu. "Papa ya mariage! Tikela biso ata mayi!" Baba wa harusi, tuwaachie hata maji. Tajiri akampa chupa ya maji na kamba ikashushwa bila swali. "Unaona?" akaniambia. "Ile bouton iko na nguvu kuliko carte d'électeur." Ndiyo kadi ya mpiga kura, kitambulisho chetu kizuizini.

Tulipoanza kushuka mlima wa Kabasha, Bikira aliwaka. Lakini safari hii hakuwa akipepesa kwenye kona na kutulia. Aliwaka moja kwa moja. Nyuma yangu Mukaka alianza mafumbo ya furaha ya rozari.

"Retro," tajiri akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Patron."

"Frein iko naingia tu."

"Inaingia wapi?"

"Chini. Inaingia, hapana rudi."

Nikatazama mguu wake. Pedali ilikuwa imelala sakafuni kama kandambili. Gari ilikuwa ikiongeza mwendo, na mlima ulikuwa bado mrefu. Nilifanya ambacho mtu yeyote angefanya: nilinyoosha kidole niwashe alama ya hatari. Pembetatu ilikuwa ikipepesa tayari. Ilikuwa ikipepesa tangu Kimemi. "Piga honi!" nikasema, na tajiri akanijibu kwamba anapiga, na kweli alikuwa hajaacha kupiga tangu asubuhi. Hatari ilikuwa imefika, na alama zake zote tulikuwa tumezila njiani kama karanga.

Wanawake waliokuwa wakipanda na mizigo waliweka mizigo chini ili wapate mikono ya kupigia makofi. Vigelegele vikapanda mlima kutukuta. Wapanda pikipiki wawili wakajiunga nasi, mmoja nyuma na mmoja mbele, na huyu wa mbele akasimama kwenye vikanyagio, akawa anayumba kushoto na kulia kutupamba. Nikatoa kichwa dirishani.

"Toka! Hatuna frein! Frein hapana!"

"Félicitations!" akanijibu, akapunguza mwendo ili tufurahi pamoja.

"Wasingya, Mama, wasingya," Mukaka alikuwa akimshukuru Bikira kwa Kinande. Alikuwa hajui lolote. Kila kona ilimtelezesha juu ya nailoni kutoka mlango mmoja hadi mwingine, naye alikuwa akicheka kama mtoto.

Ndipo lori la mbao likatokea mbele yetu, likishuka kwa miguu ya kinyonga.

"Retro, iko?"

"Iko lori."

"Na sasa?"

Nikachungulia. Kulikuwa na lingine linapanda. Niliutazama mkono wa gia, ile mistari yote tuliyoikariri: Pumzika, Rudi, Ngoja, Départ. Yote yalikuwa maneno ya mtu mwenye muda. Kisha nikaona ile ya chini kabisa, ya milima. Nikaushika mkono wa gia nikauvuta hadi mwisho.

"Tunaenda Beni!" tajiri akalia. "Juu ya nini unatia Lubero?"

"Milima, patron! Milima!"

Gari ilinguruma kama imekanyagwa mkia, ikajikaza. Tukarushwa mbele. Nailoni haishiki mtu. Mukaka aliteleza kama samaki, akagonga paji la uso kwenye mgongo wa kiti changu, akanikumbatia shingo. Nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo huku nikikabwa. Yule wa pikipiki aligeuka, akaona uso wangu, na hatimaye akaelewa kwamba huo si uso wa harusi. Akaruka kando. Tajiri akapeleka gari ukingoni, tukaegemea taratibu kwenye magunia ya makala, yaani mkaa, yaliyopangwa pale kuuzwa, na gunia la kwanza likapasuka puu, likatufunika kioo.

Taa nne tu zikaendelea: tik, tik, tik.

"Banaharusi," akasema mama mwenye makala, "munakuja kulala ku makala yangu?"

Wapanda pikipiki wakachungulia ndani. "Bibi-arusi iko wapi?"

Mukaka alikuwa amekaa sakafuni, kilemba kimemfunika jicho moja, nundu inaanza kuota kwenye paji. "Ni miye," akasema.

Dereva wa lori la mbao alirudi kwa miguu kutusaidia. Akafungua boneti, na chupa ndogo ikawa pale, kama kwenye picha, kavu. Gurudumu moja lilikuwa likivujisha mafuta ya breki. Akabana bomba lake, akamimina mafuta kutoka kidumu chake. "Lakini hapa kuko na taa," alisema. "Taa nyekundu. Haikuwaka?"

Sisi watatu tukamtazama Bikira.

Mukaka ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe alikuwa anatuonya. Na siye tunamuimbia." Akamgeukia mwanawe. "Mutoto tunamufunga ku mugongo na kitenge, hata njia ya kisima. Mama yako unamutia mu nailoni kama mukate. Iko wapi ile kamba?"

"Mama, ile itachafuka."

Mukaka akainua kilemba kutoka jichoni. Alimtazama tu, na ile nundu nayo ikamtazama. Tajiri wangu wa mabati akavua koti la suti, akaingia kiti cha nyuma kwa magoti, akaanza kupasua nailoni kwa meno. Mkanda ulitoka mpya kabisa. Nikamvisha Mukaka, nikausukuma ulimi wake ndani ya kifungio, ukalia ta. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza sauti hiyo kusikika katika gari hiyo.

Lakini kabla hajakubali kufungwa alikuwa amefanya jambo jingine. Alimbandua Bikira kwa ukucha, polepole, asimpasue, akabonyeza ile pembetatu nyekundu taa nne zizimike, akambandika upya juu yake, katikati ya dashibodi.

"Sasa ukitaka kufinya pale," alimwambia mwanawe, "utafinya uso ya Bikira."

Tuliingia Beni tukiwa bado katika Lubero, mwendo wa mtu anayebeba mayai. Mara mbili niliona kidole cha tajiri kikielekea kwenye kile kifungo, kikafika karibu na uso wa Bikira, kikarudi kwenye usukani. Honi hakuigusa. Wakwe walikuwa wamejipanga njiani kutusikiliza, na tuliwapita bila wao kutujua.

"Munaingia kimya hivi kama bezi ya kuku?" shangazi mmoja akatupokea langoni, akitufananisha na wezi. "Hata taa moja?"

Bibi-arusi alikuwa ametoka mbio, shela mkononi, akimwita Mukaka. Nikafungua mlango niubonyeze ule mkanda, lakini Mukaka akanipiga kwenye kidole. "Hapana fungua kwanza." Binti akainama, akaingiza kichwa ndani ya gari, na Mukaka akamwekea mkono akiwa bado amefungwa mkanda.