Amina ya Mwende

Leo nimeitwa shuleni kwa sababu ya neno moja: Amina.

Binti yangu Mwende, wa gredi ya nne, hulisema kwa sauti kila wimbo wa taifa ukiisha. Wenzake hucheka.

Alifunzwa na marehemu baba yake. Alikuwa akirudi kutoka kuchimba mawe, vumbi mpaka kwenye kope. Wimbo ukipigwa redioni anasimama na ndoo yake ya kuoga mkononi, ukiisha anasema Amina.

"Tumeanza kwa kumwita Mungu," alituambia. "Tutamwachaje hapo bila kumuaga?"

Tulimzika mwaka huu.

Leo ofisini kwake, naibu wa mwalimu mkuu hakuzungusha maneno. "Mama Mwende, hapa si kanisani. Akiendelea hivyo, hatapandisha bendera tena."

"Mwalimu, kwani ni mimi niliyemtia Mungu kwenye huo wimbo?"

"Maneno ya taifa hayaongezwi."

"Na maombi hayakatwi."

Kabla hajajibu, wimbo ukaanza huko nje. Tukasimama wima sisi wawili, kila mtu na hasira zake. (Ndiyo, hata mimi niliimba.)

Ukaisha.

Halafu nikaisikia sauti ya mtoto wangu kutoka uwanjani: "Amina!"

Nikaitikia palepale ofisini, nikimtazama mwalimu machoni. "Amina."

Wazazi wa Kitengela, nyinyi mngemwambia anyamaze?

Mimi sitamwambia. Bendera wampe mtoto mwingine, wangu atapiga saluti akiwa mstari wa nyuma. Amina ni ya baba yake.