Kipindi cha Wafinyanzi

Ukuta wa kushoto wa chumba cha Sabra, mshonaji wa Kihonda, siku hizi hausemi kitu. Zamani ulipitisha ngoma, maporomoko ya mito, wazee wakisimulia matambiko, maana fundi televisheni wa chumba cha pili alikuwa na sharti lake: seti aliyoitengeneza haitoki mpaka ioneshe kipindi kizima cha televisheni ya taifa bila kukatika, na mwenyewe akae atazame. Kila Jumatatu aliandika mlangoni kwa chaki vipindi vya kuangalia wiki hiyo, polepole, kwa vidole vilivyojaa makovu ya risasi ya kuchomelea nyaya.

Jumamosi moja Hashimu, mwenye nyumba na mwenye banda la mpira, alifuata seti yake. Kwenye kioo walikuwapo wafinyanzi wa Matombo.

“Fundi, zima hiyo. Watu wamejaa bandani, mechi inaanza!”

“Imebaki nusu saa. Kaa.”

“Unanizuilia TV yangu kwa ajili ya vyungu?”

“Magoli watayarudia mpaka uchoke. Hawa bibi zetu nani atawarudia?”

“Chumba hiki changu, usijisahau.”

“Chumba chako. Kazi yangu.”

Akaongeza sauti, akamsukumia kigoda. Hashimu alikaa amenuna. Bibi mmoja alipomtania mpiga picha kwa Kiluguru, kicheko kilimponyoka, lakini mwisho wa mwezi alimfukuza fundi vilevile. Fundi hakuomba msamaha. Sasa yuko Dakawa, amepanga chumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga.